Risiti Yenye Jina Langu

Dukani kwa Verlin, kati ya chambo za samaki na makoti ya mvua,
zimelazwa chini ya kioo kama meno ya bandia:
mpya, zinameremeta, bei zake zinanikodolea macho,
na mwisho wa safu, peke yake,
hiyo.
Kipande cha boksi, kalamu nene:
MASALIA YA JESHI. DOLA 289.

"Imetoka Bulgaria," asema Verlin. "Haina urembo.
Inajipakia yenyewe, ila kila risasi
lazima uiombe kwa kidole.
Ikianguka matopeni, ioshe tu, itakusamehe.
Kwa mtu anayenunua mara ya kwanza, bibie,
sina ya kumpa iliyo bora kwa bei hii."

Naishika.
Nzito kama pasi ya chuma ya bibi yangu.
Inanuka grisi, grisi iliyolala sandukuni
miaka mingi kuliko ndoa yangu.
Na kwenye mpini, upande wa kushoto,
mtu amekwaruza kwa ncha ya kisu, siku ya lindo refu,
herufi mbili nisizojua kuzisoma:
moja kama kiti kilichopinduliwa,
moja kama mdudu aliyebanwa na kidole gumba.

"Iliwahi kuua mtu?"

Verlin anafuta kioo kisicho na uchafu.
"Nyingi ya hizi," asema, "zilizeekea kwenye ala."
Nyingi. Nimelisikia hilo neno.

Kisha fomu.
Jina kamili. Twyla Jean, naandika, halafu nasita,
halafu Haugen, jina la baba,
lililorudi kwangu mwezi Machi kwa mhuri wa hakimu
na bado linanibana kidogo mabegani.
*Je, wewe ndiye mnunuzi halisi wa silaha hii?*
Nikacheka. Verlin akainua macho.

Ningemwelezaje?
Friji lilikuwa la Rolf. Gari la Rolf.
Godoro, hata godoro, risiti yake ilikuwa na jina la Rolf,
na alinionyesha siku nilipoondoka.
Cha kuazima hakisitiri,
nami nilijifunika nacho miaka ishirini na miwili.
Ndiyo, nikaandika.
Sikuitamka hivyo hata kanisani.

Verlin akapiga simu. Tukangoja.
Nje, theluji ya Montana ilikuwa inajaribu kuwa mvua,
mbwa wa mtu amefungwa nyuma ya pikapu,
anabwekea lori la magogo.
Mahali fulani, ofisini, mgeni analipekua jina langu,
analigeuza kama samaki sokoni, anatazama matamvua.
Na hapo, Mungu anisamehe,
nilijikuta naomba
wakatae.

"Endelea," ikasema sauti.

Basi iko hapa, juu ya meza ya trela,
ndani ya kitambaa cha kukaushia vyombo.
Tupu. Risasi ni Ijumaa, moteli ikilipa.
Nimefundishwa: mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu.
Nimeigeuza mara nne.
Ukutani kuna picha ya binti yangu,
kulia jikoni, kushoto ni jirani, bibi Pruitt na paka wake.
Trela ni ndogo. Haina upande wa bure.

Risiti nimeibandika kwenye friji
(friji la mwenye nyumba, lakini sumaku ni yangu).
Ndiyo ninayoitazama zaidi. Haugen, Twyla J.
Imelipwa yote, taslimu.

Saa nne usiku, buti kwenye kokoto.
Mkono umekwenda wenyewe, kabla yangu,
kuishika kitu isiyo na kitu ndani.
Buti zikapita. Sepetu ikakwangua:
ni mjukuu wa Pruitt, anasafisha njia asubuhi isimkute amelala.

Nikabaki na kidole juu ya yule mdudu.
We askari, mwenye kiti kilichopinduka,
usiku wako ule, ulimsikia nani?